Noti moja inayojaza sebule: uchambuzi wa besi inayovuma kwenye nyumba ya zege

Malalamiko haya fundi yeyote wa spika anayafahamu. Sabufa ni mpya na dukani ilipiga safi, lakini nyumbani besi inavuma. Wimbo ukifika sehemu fulani chumba kizima kinajaa, sauti ya mwimbaji inazama na vioo vya kabati vinatetema. Wimbo unaofuata, besi yake ni ya kawaida, au hata haitoshi. Mwenye nyumba anashusha kitufe cha besi, muziki unakuwa mkavu, na ile noti moja bado inachomoza. Mwisho anaamua kwamba sabufa ni mbovu, anaiuza kwa hasara, ananunua nyingine kubwa zaidi na tatizo linakua.

Tunataka kulifungua tatizo hili hadi kwenye namba, kwa sababu likishakuwa namba, sehemu kubwa ya tiba yake haihitaji pesa.

Chumba chenyewe

Tumechukua sebule ya mfano kwenye nyumba ya ghorofa jijini Dar es Salaam, ya aina inayopatikana kwa wingi Upanga na Kariakoo. Urefu wake ni mita 5.6, upana mita 3.6, kimo mita 2.8. Kuta ni za tofali za saruji zilizopigwa lipu, sakafu ni vigae juu ya zege, na juu hakuna silingi bodi. Ni slabu ya ghorofa inayofuata, imepakwa rangi tu. Madirisha ya alumini yako upande mmoja, na jioni hufungwa kiyoyozi kikiwashwa. TV iko kwenye ukuta mfupi. Sabufa ya inchi 8 yenye tundu la hewa imesukumwa kwenye kona, kushoto kwa stendi ya TV, kwa kuwa pale haimkwazi mtu. Kochi la watu watatu limeegemezwa kwenye ukuta unaotazamana na TV.

Kila kitu katika maelezo hayo kina mchango wake. Zege na tofali zenye lipu hazinywi besi, huirudisha karibu yote. Nyumba ya chini yenye bati na silingi bodi ya jipsamu ina nafuu kubwa, maana ule ubao mwembamba wenye uwazi juu yake hutikisika na kuila nguvu ya besi, na nyingine hupenya ikatokea nje kupitia bati. Ndiyo maana sabufa ile ile inaweza kupiga vizuri kwenye nyumba ya bati Mbagala, ikahamishiwa ghorofani ikaonekana imeharibika. Madirisha nayo yana kazi. Yakiwa wazi, besi inapata pa kutokea. Yakifungwa ili baridi ya kiyoyozi isipotee, chumba kinakuwa sanduku.

Hesabu inayoonyesha wapi pameharibika

Sauti ya besi ina mawimbi marefu. Wimbi la 62 Hz (hezi, yaani mitetemo 62 kwa sekunde) lina urefu wa takriban mita 5.6. Wimbi linapogonga ukuta na kurudi, kuna masafa ambayo linaloenda na linalorudi hupandana sawasawa kati ya kuta mbili. Hapo wimbi husimama: sehemu moja ya chumba shinikizo ni kubwa, nyingine karibu sifuri, na hali hiyo hukaa hivyo hivyo muda wote noti inapopigwa. Noti ikikatika, wimbi hilo huchukua muda kufa. Mkia huo ndio masikio yanauita kuvuma.

Kanuni ya kupata masafa ya wimbi hilo lililosimama, ambalo tutaliita mvumo, ni fupi. Gawa kasi ya sauti kwa mara mbili ya umbali kati ya kuta mbili. Kwenye joto la nyuzi 28 za Selsiasi sauti husafiri takriban mita 348 kwa sekunde. Ile 343 inayoandikwa mara nyingi ni ya nyuzi 20.

Urefu: 348 ÷ 11.2 = 31.1 Hz. Mara mbili yake ni 62.1 Hz, mara tatu 93.2 Hz.
Upana: 348 ÷ 7.2 = 48.3 Hz. Mara mbili yake ni 96.7 Hz.
Kimo: 348 ÷ 5.6 = 62.1 Hz.

Angalia mstari wa kwanza na wa tatu. Kimo cha sebule hii ni nusu kamili ya urefu wake, kwa hiyo mvumo wa pili wa urefu na mvumo wa kwanza wa kimo vimeangukia masafa yale yale, 62.1 Hz. Pande mbili za chumba zinasukuma noti moja. Yapo pia mavumo yanayopita kwenye kuta nne kwa pamoja, na la karibu zaidi liko 57.4 Hz, jirani wa kuongeza fujo. Kati ya 31 na 48 chumba kina pengo kubwa, na ndiyo maana noti nyingine zinaonekana nyembamba.

Sasa weka muziki juu ya hesabu hiyo. Noti ya B ya chini kwenye gitaa la besi la nyuzi nne ni 61.7 Hz. A iliyo chini yake ni 55 Hz, na C iliyo juu yake ni 65.4 Hz. Mpiga besi wa rumba akipita A, B, C kwa nguvu ile ile ya vidole, sebule hii itaipandisha B peke yake. Kiki (pigo la ngoma kubwa) ya muziki wa dansi ikiwekwa karibu na 60 Hz, kila pigo litaamsha mvumo uleule. Wimbo ulio kwenye ufunguo mwingine utapita salama. Mtu anayesema "nyimbo nyingine ziko sawa, ni hizi tu" anaeleza kwa usahihi kabisa kinachotokea.

Kwa nini kitufe cha besi hakisaidii? Kwa sababu kinashusha kila kitu kwa pamoja. Ikiwa 62 Hz imesimama desibeli 12 (kipimo cha ukubwa wa sauti) juu ya 50 Hz, ukishusha besi yote kwa desibeli 6 bado tofauti ni 12. Umepunguza besi iliyokuwa nzuri na umeiacha mbaya na ukubwa wake. Isitoshe, kwenye masafa ya chini sikio hutafsiri badiliko dogo la desibeli kama badiliko kubwa la ukubwa wa sauti, zaidi ya linavyofanya kwenye masafa ya sauti ya mtu kuzungumza. Kilele cha desibeli 10 kwenye besi si jambo dogo hata kidogo.

Mahali unapokaa

Mvumo wa pili wa urefu una shinikizo kubwa kwenye kuta zote mbili fupi na katikati ya chumba, mita 2.8. Sehemu zilizokufa, ambapo shinikizo ni karibu sifuri, ziko robo na robo tatu ya urefu, yaani mita 1.4 kutoka ukuta wa TV na mita 1.4 kutoka ukuta wa kochi. Kochi limegusa ukuta, kwa hiyo masikio yako kwenye kilele. Mtoto aliyekaa mkekani mita moja na nusu kutoka ukuta wa kochi atasema besi ni ndogo. Wote wawili wana haki, na hakuna haja ya kubishana. Kila mmoja anasikiliza chumba tofauti.

Mvumo wa upana, 48.3 Hz, umekufa katikati ya upana, mita 1.8. Anayekaa nafasi ya kati ya kochi hausikii sana, anayekaa pembeni anausikia zaidi. Mvumo wa kimo umekufa kwenye mita 1.4 kutoka sakafuni. Masikio ya mtu aliyekaa huwa karibu mita 1.05, ambapo umebaki takriban asilimia 38 ya nguvu ya shinikizo, pungufu ya desibeli 8 hivi. Ukisimama, unapungua zaidi. Kwa hiyo kati ya hayo mavumo mawili ya 62 Hz, linalomuumiza aliyekaa kwenye kochi ni lile la urefu hasa. Hili ni muhimu, kwa sababu la urefu linatibika kwa kuhamisha vitu. La kimo lingetaka uipandishe sabufa hadi nusu ya ukuta.

Kona nayo ina dhambi yake. Kwenye kona ya sakafu, mavumo yote ya chumba yana kilele. Sabufa iliyowekwa pale inaamsha kila kimoja kwa nguvu zote.

Hakikisha ni chumba kabla ya kugusa chochote

Toa sabufa nje, uani au kwenye baraza kubwa lisilozungukwa na kuta, upige wimbo uleule kwa kiasi kilekile. Mvumo ukitoweka, chumba ndicho mhusika. Ukibaki kidogo, huenda boksi lenyewe lina kilele chake. Sabufa nyingi za bei nafuu zenye tundu hutengenezwa ziwe na msukumo wa ziada mahali fulani kwenye besi ili zivutie dukani. Masafa ya tundu yanajulikana kwa jicho: piga toni (mlio wa masafa mamoja), ipandishe kidogo kidogo kuanzia 30 Hz, ukiangalia koni (ile sehemu ya spika inayotikisika). Pale koni inapotulia huku upepo wa tunduni ukiwa mkali zaidi, ndipo boksi limepangwa. Likiwa karibu na 60 Hz kwenye sebule hii, umepata sababu ya tatu ya noti ileile.

Kisha zima nyongeza zote. Hapa ndipo watu wengi hupoteza muda, kwa sababu nyongeza zimejificha sehemu tatu kwa wakati mmoja: ikwalaiza ya simu, hali ya sauti ya TV (ile ya sinema au ya muziki), na kitufe cha kukuza besi kwenye sabufa yenyewe. Kila moja inaongeza juu ya nyingine. Rudisha zote kwenye hali ya kawaida, zima pia kile kitufe cha kuongeza besi kwa sauti ndogo. Kazi yake ni kufidia sikio ambalo halisikii besi vizuri sauti ikiwa chini. Ukishapandisha sauti, fidia hiyo inageuka mzigo.

Angalia pia kama kinachosikika ni kuvuma au ni kutetema. Kioo cha kabati, fremu ya dirisha la alumini, mfuniko wa swichi, rimoti juu ya sabufa: vyote hutoa mlio wa juu wenye kukwaruza unaoanza na kuisha pamoja na noti. Piga toni za 40 hadi 80 Hz taratibu, gusa vitu kimoja kimoja kwa mkono. Ukikigusa kikanyamaza, ndicho. Kipande cha kitambaa kizito au gundi ya povu yenye pande mbili inamaliza.

Kupima kwa vifaa vilivyopo

Anayeweza kupata maiki ya kupimia ya USB, kama UMIK-1 ya miniDSP, na kompyuta, atumie programu ya bure ya Room EQ Wizard. Itamchorea mstari wa masafa na pia muda ambao kila masafa huchukua kufa.

Asiye navyo anaweza kutumia simu mbili na daftari. Simu ya kwanza ipige toni kupitia njia ileile unayosikilizia muziki. Simu ya pili iwe na programu ya kupima ukubwa wa sauti, iwekwe pale kichwa kinapokuwa, si mkononi. Chagua kipimo cha C au Z. Ukiacha A, kipimo kitapunguza desibeli 26 kwenye 63 Hz na 19 kwenye 100 Hz, na matokeo yako yatakuwa ya uongo. Sauti iwe ya wastani, kwani toni isiyokatika huchemsha koili ya spika haraka kuliko muziki. Anza 30 Hz hadi 120 Hz kwa hatua ya 3 Hz, na kati ya 54 na 70 nenda kwa 1 Hz. Sekunde tano kila toni, andika namba. Maiki nyingi za simu hukata besi, kwa hiyo usiamini namba moja moja. Amini tofauti kati ya majirani. Simu ikikata, hukata kwa mteremko mpole. Kilele cha chumba ni chembamba, kinapanda na kushuka ndani ya hezi chache.

Kwenye sebule ya namna hii tarajia kilele cha desibeli 10 hadi 15 hapo 60 hadi 63 Hz. Kadiri kilele kinavyokuwa chembamba, ndivyo mkia wake unavyokuwa mrefu. Chukua upana wa kilele pale kinapokuwa desibeli 3 chini ya ncha yake, halafu gawa 2.2 kwa upana huo. Upana wa 3 Hz unatoa karibu sekunde 0.73 hadi sauti ishuke desibeli 60. Kwenye wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika, pigo linalofuata linafika baada ya sekunde 0.5, la kwanza likiwa bado hewani. Hapo besi haina tena mapigo, imekuwa mngurumo mmoja.

Rudia vipimo madirisha yakiwa wazi. Tofauti utakayoiona inakuonyesha chumba kinavyobadilika kikipewa pa kupumulia.

Kuhamisha: hatua inayobeba uzito wote

Anza na kochi. Likiwa limegusa ukuta, masikio yako kwenye kilele cha 62 Hz. Hesabu ya mvumo huo inasema masikio yakiwa sentimita 50 kutoka ukutani, unapungua desibeli 1.4 tu. Sentimita 80, desibeli 4. Mita 1, desibeli 7. Yaani nusu ya kwanza ya safari haina faida kubwa. Anayesogeza kochi kwa upana wa kiganja akakata tamaa alikuwa hajafika. Sebule ya mita 5.6 inaweza kubeba sentimita 80 nyuma ya kochi, na njia ya kupita inabaki. Pima kutoka ukutani hadi kwenye masikio, si hadi kwenye mgongo wa kochi.

Halafu sabufa. Itoe konani, iweke kwenye ukuta wa kando, koni ikiwa mita 1.4 kutoka ukuta wa TV. Hapo ni sehemu iliyokufa ya mvumo wa pili wa urefu, na chanzo kilichokaa kwenye sehemu iliyokufa hakiwezi kuuamsha mvumo huo. Kwa hesabu tupu unakuwa sifuri. Kwa hali halisi hubaki kiasi, kwa kuwa kuta si kamilifu, kuna mlango, na tundu la hewa liko mahali tofauti na koni. Sogeza sentimita 10 mbele na nyuma huku toni ya 62 Hz ikilia na mtu mwingine akisoma kipimo kwenye kochi. Simamisha pale namba inaposhuka zaidi. Mvumo wa 31 Hz hapo utashuka kama desibeli 3 tu, na sabufa ya inchi 8 haina nguvu kubwa chini huko, kwa hiyo hakuna kilichopotea.

Kinachobaki ni 62 Hz ya kimo, ambayo sabufa iliyo sakafuni inaiamsha yote, lakini masikio yaliyo mita 1.05 yanaipokea kidogo. Inabaki pia 48 Hz ya upana, kwa kuwa sabufa imegusa ukuta wa kando. Anayekaa katikati ya kochi hataiona. Wanaokaa pembeni wataiona, ila haijarundikana na nyingine, na muziki mwingi unafurahia msaada kidogo hapo.

Kwa chumba chenye umbo lisilohesabika, kile chenye korido iliyofunguka au ukuta uliokatwa, kuna njia ya kubadilishana nafasi. Weka sabufa juu ya kochi, pale unapokaa. Piga wimbo wenye besi inayotembea noti nyingi. Tembea kwa magoti kando ya kuta, kichwa kikiwa kimo cha sabufa, usikilize. Pale noti zote zinaposikika kwa usawa, hapo ndipo sabufa ikae. Inafanya kazi kwa sababu kwenye chumba, chanzo na msikilizaji wakibadilishana nafasi, njia ya sauti kati yao inabaki ileile. Besi kubwa kuliko sehemu zote ndiyo kona uliyoikimbia, kwa hiyo tafuta usawa, usitafute wingi.

Kuziba tundu

Kama kipimo cha nje kilionyesha boksi lina kilele chake, ziba tundu la hewa kwa povu laini au soksi zilizokunjwa, zikae imara bila kudumbukia ndani. Boksi linageuka kuwa la kufunga. Besi inaanza kushuka mapema zaidi lakini kwa mteremko mpole, na msukumo wa ziada wa tunduni unaondoka. Gharama yake ni kwamba koni inafanya kazi kubwa zaidi karibu na masafa ya tundu, kwa hiyo sauti ya juu kabisa inapungua. Ukisikia koni ikigonga, shusha mara moja. Kama amplifaya ya ndani inapozwa na hewa ya boksi, gusa bati lake la nyuma baada ya nusu saa. Likiwa moto wa kuogopesha, ondoa kizibo.

Trei za mayai, mazulia na vitu vinavyofanya kazi kweli

Trei za mayai hazigusi 62 Hz. Wala povu la sentimita 5, pazia, wala zulia. Kitu chenye vinyweleo hunywa sauti pale hewa inapokwenda kasi, na kasi kubwa ya kwanza iko robo ya urefu wa wimbi kutoka ukutani. Kwa 62 Hz robo hiyo ni mita 1.4. Povu jembamba ukutani liko mahali ambapo hewa ya besi karibu haitembei. Linachokula ni sauti za juu, na hapo ndipo madhara yanapoanza: ukishakula sauti za juu, besi iliyokuwa ikivuma inabaki peke yake na chumba kinasikika kibaya kuliko mwanzo. Zulia kwenye vigae ni zuri kwa kuua mwangwi wa maongezi. Lisinunuliwe kwa ajili ya besi.

Pamba ya mwamba au ya kioo, ile inayotumika chini ya mapaa ya magodauni, ikiwekwa nene kwa sentimita 10 hadi 20 na kukatiza kona, husaidia kuanzia karibu 100 Hz kwenda juu na hupunguza mkia wa chini yake kidogo. Ivikwe kitambaa kinachopitisha hewa, vaa barakoa na glavu, na kwenye unyevu wa pwani acha nafasi ya sentimita 5 ukutani isiote ukungu. Godoro la povu la inchi 6 likisimamishwa konani linaweza kutumika kama jaribio la jioni moja. Lisikae hapo siku zote, maana povu la godoro hushika moto upesi na moshi wake ni sumu.

Kinacholenga 62 Hz yenyewe ni boksi la ubao: plaiwudi nyembamba juu ya fremu isiyovuja hewa. Ubao ni uzito, hewa ya ndani ni springi. Zidisha uzito (kilo kwa mita ya mraba) kwa kina (mita), tafuta kipeuo cha pili cha jibu, halafu gawa 60 kwa kipeuo hicho: hayo ndiyo masafa yake. Plaiwudi ya milimita 6 ina uzito wa karibu kilo 3.5 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kina kinatakiwa kiwe sentimita 27. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) ya milimita 6, kama kilo 4.5, inataka sentimita 21. Usikisie: pima karatasi nzima ya futi 8 kwa 4 kwenye mizani na ugawe kwa 2.98. Ndani weka pamba ya sentimita 5 isiyogusa ubao, viungo vyote vizibwe kwa silikoni. Huwekwa kwenye ukuta mfupi au konani, penye shinikizo kubwa; likiwekwa mita 1.4 kutoka ukuta huo halifanyi lolote kwa mvumo wa urefu. Tunaliweka mwishoni kwa sababu boksi moja kwenye chumba cha mita za ujazo 56 halionekani kwenye kipimo. Zinahitajika mita za mraba kadhaa, na sebule ya familia haina nafasi hiyo.

Ikwalaiza, baada ya kuhamisha

Kilichobaki baada ya kuhamisha kinaweza kukatwa. Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu ya Equalizer APO, ya bure, inayopokea vichujio vilivyotengenezwa na Room EQ Wizard. Anza na 62 Hz, punguza desibeli 6, Q (kipimo cha wembamba wa kichujio) iwe 6, ambayo inagusa upana wa kama 10 Hz. Pima tena, rekebisha masafa kwa hezi moja moja. Kichujio kikikaa sawasawa juu ya kilele, mkia nao hufupika pale ulipopimia.

Ikwalaiza ya milia 10 ina kitufe cha 62 Hz, bahati njema kwa chumba hiki, ila kitufe hicho kinashika oktavu nzima, takriban 44 hadi 88 Hz. Kishushe desibeli 3 au 4, si zaidi. Ile ya simu za Android yenye milia mitano huanza na 60 Hz na ni pana zaidi. Itumie kwa uangalifu uleule.

Kata vilele, usijaze mashimo. Shimo ni mahali ambapo mawimbi yanafutana, na nguvu utakayoongeza nayo itafutwa, huku koni ikichoka na sehemu nyingine za chumba zikipata ziada. Na kumbuka ikwalaiza imerekebisha kiti kimoja. Aliyekaa kwenye mkeka, ambaye tangu mwanzo hakuwa na 62 Hz ya kutosha, sasa ana pungufu zaidi. Ndiyo maana hatuianzi kabla ya kuhamisha.

Ukiongeza sabufa ya pili

Ushauri unaosambaa ni kuweka sabufa mbili katikati ya kuta zinazotazamana, na una msingi mzuri: Todd Welti wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman aliuchunguza mwaka 2002, na kwa vyumba vingi mpangilio huo unalainisha besi kwenye viti vingi. Kwenye sebule hii hautoshi. Katikati ya ukuta mrefu ni mita 2.8, kilele cha mvumo wa pili wa urefu, kwa hiyo sabufa zote mbili zingesukuma 62 Hz kwa pamoja. Katikati ya kuta fupi nako ni vivyo hivyo.

Ziweke kwenye kuta mbili za kando, kila moja mita 1.4 kutoka ukuta wa TV, zikitazamana. Zinabaki kwenye sehemu iliyokufa ya 62 Hz ya urefu, na kwa kuwa ziko pande mbili za upana na zinasukuma pamoja, zinaufuta mvumo wa 48.3 Hz na ule wa 57.4 Hz. Waliokaa pembeni ya kochi wanaanza kusikia kile anachosikia wa katikati. Sharti ni kwamba ziwe za aina moja, sauti sawa, na nyaya zisipishane: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Moja ikigeuzwa, zinafanya kinyume na 48 Hz inarudi kwa nguvu. Kama amplifaya ina kitufe cha kukatia masafa, kiweke 80 Hz ili 96.7 Hz ya upana isipate chakula. Mbili pamoja zinaongeza hadi desibeli 6 kwenye besi, kwa hiyo kila moja ishushwe kabla ya kupima upya.